Siku Kidude Chetu Kilipokesha

Saa 10:40 alfajiri. Meseji: "Mfumo umewaka." Kabla sijarudisha simu chini ya mto, nyingine: "Mfumo umewaka." Nikazihesabu. Zilikuwa 37 tangu saa 7 usiku, zote kutoka kwenye kiboksi cha plastiki tulichokifunga juzi kwenye shamba la zabibu Makutupora. Kifaa chetu cha umwagiliaji hutuma meseji hiyo mara moja tu, kinapowashwa. Kwa hiyo usiku kucha kilikuwa kinazima na kuwaka, na kila kikiwaka kinakula bando nililonunua kwa hela ya bumu, yaani mkopo wa chuo.

Saa 11:15 akapiga mwenye shamba, maana namba yake nayo tuliiingiza kwenye programu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiki kidude chenu kina homa? Hakijalala, na mimi sijalala."

Nikamwomba radhi, nikamwahidi tutafika leo leo.

Saa 12:30 asubuhi. Chai ya rangi na chapati mbili kwa mama ntilie, upepo wa Julai unapita hadi kwenye mifupa. Watu wanaodhani Dodoma ni joto tu mwaka mzima hawajawahi kuoga maji ya ndoo hapa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mwezi wa saba. Tuko watatu kwenye kundi, wote mwaka wa nne: mimi, CR wetu (mwakilishi wa darasa), na jamaa tunayemwita Injinia kwa sababu hakubali kwamba kitu kimemshinda. Mradi wetu ni wa umwagiliaji. Sensa inapima unyevu wa udongo, bodi ya ESP32, kompyuta ndogo, inaamua, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inawasha pampu ya kisima, na moduli ya simu ya SIM800L inamtumia mkulima meseji. (Mama yangu alivyosikia nashughulika na sensa akauliza kwani si walishahesabu watu 2022. Nimeacha kumweleza.)

Injinia alikuwa tayari ana jibu: kosa liko kwenye programu. Alikaa nayo tangu alfajiri, akabadilisha mistari kama arobaini. Mimi nilibeba mita ya kupimia volti, nikaipima betri ya akiba tuliyobaki nayo, inayofanana na ile ya shambani. Volti 4.0. Moduli inataka kati ya 3.4 na 4.4. Nikaungana naye kwamba umeme uko sawa. Tulikuwa wajinga wawili wenye uhakika.

Saa 2 hadi saa 4, kipindi. Sikumbuki kilihusu nini.

Saa 4:20. Ofisini kwa msimamizi wetu. Alitusikiliza bila kuinua macho kwenye karatasi alizokuwa anasahihisha, kisha akauliza swali moja: "Mmepima betri ikiwa imekaa tu, au moduli ikiwa inatuma?"

Tukatazamana.

Akachora kwenye ubao. Moduli ya simu haivuti umeme taratibu. Inapotuma inavuta kwa mikupuo inayofika ampea 2, kila mkupuo mfupi kuliko hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mita yetu ya bei poa inaonyesha wastani tu, haiwezi kuuona mkupuo huo. Halafu akauliza betri iko umbali gani na kiboksi. Tuliiweka ndani ya kibanda cha pampu isiibiwe, mita 3 kutoka kwenye kiboksi, kwa waya mwembamba kama wa spika. Mita 3 kwenda, 3 kurudi, ukinzani wake unakaribia nusu omu. Ampea 2 mara nusu omu ni volti 1 inayopotea njiani. Nne toa moja, tatu. Moduli inazirai, na bodi nayo, yenye ulinzi wa kujizima umeme ukishuka, inaanza upya. Ikiwaka inatuma "Mfumo umewaka", inavuta tena, inaanguka tena. Mchana paneli ya sola ilikuwa inaisaidia betri kidogo, ndiyo maana balaa lote lilikuja usiku.

Sheria ya Ohm. Kidato cha pili. CR akacheka mpaka msimamizi naye akacheka. Injinia hakucheka, alikuwa anarudisha ile mistari yake arobaini.

Saa 6 mchana. Mjini, kwa fundi redio karibu na soko la Majengo. Tulitaka kapasita ya maikrofaradi 1000 ya kukaa mlangoni kwa moduli na kuipa umeme wakati wa ile mikupuo. Kuagiza Kariakoo kungechukua siku mbili mpaka kifurushi kishuke stendi ya Nanenane. Fundi akang'oa mbili kwenye amplifaya iliyokufa, akazipima, akatuuzia shilingi 500 kila moja. "Huu mstari ni hasi," akasema akiigusa kwa kucha. "Mkiigeuza itawapasukia usoni, na msiseme mlinunua kwangu." Miaka minne ya chuo, na vifaa vingi vya mradi huu vimepatikana kwa watu kama huyu.

Saa 8:30. Makutupora, barabara ya Arusha. Zabibu zilikuwa zimeanza kubadilika rangi, zimebaki wiki chache zivunwe. Tulimsalimia mzee kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", akaitika huku akitucheka matamshi. Kazi yenyewe haikuchukua hata saa nzima: betri tukaihamishia ndani ya kiboksi chenyewe, waya mnene wa sentimita kumi, kapasita zote mbili zikalehemiwa pembeni ya moduli huku CR akiangalia ule mstari mara tatu.

Kilichochukua muda ni mzee. Alikuwa amekaa kwenye ndoo anatutazama, halafu akauliza: "Hiki kinajua lini cha kuacha kumwagilia?"

Injinia akamweleza kwa fahari jinsi tulivyokausha udongo wa shamba lake mwenyewe juani, tukaupima, tukaulowesha, tukaupima tena, ili kifaa kijue mkavu ni upi na uliolowa ni upi. Mzee akatikisa kichwa. Siyo hivyo. Zabibu zikikaribia kuvunwa, alisema, unazinyima maji makusudi. Ukizinywesha zinavimba, zinapasuka, utamu unapungua, na mnunuzi wa mvinyo anapima huo utamu kabla ya kukupa bei. Udongo utakuwa mkavu, kidude chenu kitauonea huruma, kitamwaga maji, na mimi nitakula hasara.

Miezi mitano tunafanya mradi huu na hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulijua sensa za vyuma viwili huliwa na kutu ndani ya wiki chache, tukaziacha, tukanunua zile zisizogusisha chuma kwenye udongo. Tulijua wakulima wengi wa hapa wana simu za kitochi, tukaachana na programu ya simu janja ambayo Injinia alikuwa ameshaichorea nembo. Kumbe shamba lina wakati linapotakiwa kuwa na kiu.

Injinia akafungua kompyuta mpakato palepale juu ya mfuko wa mbolea. Mzee akituma neno LALA kutoka simu yake, pampu haiwaki hata udongo ukiwa vumbi, mpaka atume AMKA. Mistari kumi na moja. Ni kitu bora kuliko vyote alivyoandika mwaka huu, nami nilimwambia hivyo.

Saa 2 usiku. Chipsi mayai, ripoti. Tulibishana kuhusu kichwa cha mradi: Injinia anataka kiwe na "akili mnemba", kwa kuwa anawaza MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi na ubunifu, na anadhani majaji wanapenda neno hilo. Hakuna akili mnemba yoyote humo. Kuna kizingiti kimoja cha unyevu na maneno mawili ya mzee. Kura zikawa mbili kwa moja.

Saa 6:10 usiku. Simu kimya tangu jioni. Kisha meseji, siyo ya kifaa: "Mwanangu mbona kimya. Kimekufa?"

Nikatuma HALI kwenye namba ya kifaa. Baada ya muda kikajibu: "Udongo 38. Pampu imezimwa." Nikaipeleka kama ilivyo kwa mzee, nikaongeza "kimelala", nikazima taa.