Seli ikifa vibaya, ngozi inawaka

Kazi yangu ni kukata ngozi za watu. Simaanishi upasuaji. Daktari akishachukua kinyama, mara nyingi kiduara cha milimita 4 tu, kinaletwa kwangu ndani ya kichupa cha fomalini. Nakiondoa maji kwa spiriti, nakizamisha kwenye nta ya moto, kikiganda nakikata vipande vya unene wa mikromita 4 hivi. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko hapo zaidi ya mara kumi. Kisha natia rangi mbili: ya zambarau inashika viini vya seli, ya waridi inashika miili yake. Anayesoma na kuandika majibu ni daktari wa patholojia. Mimi nina mazoea ya kuchungulia kabla slaidi hazijatoka mikononi mwangu, na hakuna aliyewahi kunikataza.

Ninachotafuta ni seli zilizokufa kabla ya zamu yao. Ukishaijua moja huwezi kuikosa tena. Majirani zake wana mwili wa waridi hafifu na kiini cha zambarau kilichotulia katikati. Yenyewe imesinyaa, imejibandua kwa wenzake hadi kukabaki upenyo mweupe kuizunguka, waridi yake imekoza kupita kiasi, na kiini kimejikunyata kikawa doa jeusi au kimetoweka kabisa. Kwenye lupasi ya ngozi, ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe, nazikuta chini, pale tabaka la juu linapokutana na la ndani. Kwenye licheni plana, ugonjwa mwingine wa ngozi, ziko hapohapo, na chini yake chembe nyeupe za damu zimejazana mstari mzima.

Nilipokuwa nasoma, maelezo yalikuwa mafupi: chembe nyeupe zimevamia, seli za ngozi zimeuawa. Zilizokufa ni wahanga, wahalifu ni chembe nyeupe, kesi imefungwa. Shida ni kwamba slaidi ni picha ya dakika moja. Inakuonyesha nani yupo pale, haikuambii nani alitangulia. Na kadiri ninavyosoma utafiti wa miaka hii, ndivyo ninavyoamini kwamba kwa baadhi ya magonjwa seli iliyokufa ndiyo iliyoita watu.

Kwanza tuweke wazi kwamba kufa kwa seli za ngozi si ugonjwa. Ngozi inaishi kwa kufa. Keratinosaiti, yaani zile seli zinazounda tabaka la juu, huzaliwa chini, hupanda polepole, hupoteza kiini, hugeuka magamba makavu na kudondoka. Safari nzima huchukua kama wiki 4. Kwa mtu mwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabamba mekundu yenye magamba, safari hiyo inakimbizwa ikaisha kwa siku chache, na ndiyo maana magamba yake, nikiyaona kwenye hadubini, bado yana viini ndani. Hayakupata muda wa kufa sawasawa.

Basi suala ni namna ya kufa. Mwaka 1972 wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie walieleza kifo cha utaratibu walichokiita apoptosisi: seli inajikatakata kutoka ndani kwa vimeng'enya viitwavyo kaspesi, inajifunga vifurushi vidogo, majirani wanavimeza. Haimwagi kitu. Nekroptosisi ni kinyume chake. Protini iitwayo RIPK3 inaiamsha nyingine iitwayo MLKL, nayo inakwenda kutoboa utando wa seli hadi ipasuke. Ipo pia piroptosisi, ambayo utoboaji wake hufanywa na protini za kundi la gasdamini. Mpangaji mmoja anahama amefagia chumba na kurudisha ufunguo. Mwingine anahama usiku, amevunja mlango na kuacha bomba linamwaga maji hadi kwa jirani.

Kinachomwagika ndicho chenye maana. Seli ikipasuka inatoa intalukini-1 alfa (mmoja wa wajumbe wa kinga), ATP ambayo ni nishati ya seli, protini ya HMGB1 ambayo makazi yake ni ndani ya kiini, na vipande vya DNA. Vitu hivi havitakiwi kuwa nje. Kinga ya asili, ile tunayozaliwa nayo na isiyosubiri kujifunza adui ni nani, ina vipokezi vya kunusa mambo kama hayo. Wengi wanaijua kwa kunusa bakteria na virusi; Bruce Beutler na Jules Hoffmann walipata sehemu yao ya Tuzo ya Nobel mwaka 2011 kwa kazi hiyo. Lakini mwanasayansi wa kinga Polly Matzinger alikuwa amesema tangu 1994 kwamba kinga haijali tu kama kitu ni kigeni, inajali kama kuna hatari, na kwamba tishu iliyoumia inaweza kutoa mlio wenyewe. Wakati ule kauli hiyo iliwakera wengi. Mimi nadhani ngozi imempa haki kwa kiasi kikubwa.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda.

Kuna mjumbe wa kinga aitwaye TNF. Watu wengi wanadhani kazi yake ni kuua. Kwa kawaida akigusa kipokezi cha keratinosaiti, ujumbe ni huu: ishi, na uwaamshe wengine. Ndani ya seli, chini ya kipokezi hicho, hukusanyika kundi la protini, na mojawapo ni RIPK1. Kundi jingine liitwalo LUBAC huja na kuibandika minyororo ya yubikwitini, protini ndogo za kutia alama, na minyororo hiyo inaishikilia RIPK1 mahali pake. Ikishikiliwa, seli inaishi. LUBAC ikiwa na hitilafu, RIPK1 inachoropoka, inaungana na protini iitwayo FADD na kaspesi-8, na seli inakufa kwa apoptosisi. Ukidhani umeokoa jahazi kwa kuizuia kaspesi-8, umeharibu zaidi: kaspesi-8 ndiyo iliyokuwa ikimzuia RIPK3. Ikiondoka, nekroptosisi inaanza. Muuaji na mlinzi ni protini ileile, na hili lilinichukua muda kulimeza.

Ushahidi wake uko kwenye panya. Kuna ukoo wa panya wa maabara uliotokea na mabadiliko ya jeni yenyewe tu, bila mtu kuyatengeneza. Wakiwa bado wadogo ngozi yao inakuwa nyekundu, nene, yenye magamba, na manyoya yanawatoka. Mwaka 2007 jeni iliyoharibika ilitajwa kuwa Sharpin. Mwaka 2011 makundi matatu ya watafiti yalionyesha kwamba SHARPIN, protini ya jeni hiyo, ni sehemu ya LUBAC, na ghafla yule panya mwenye magamba akawa na maelezo. Ukimwondolea TNF, ngozi inatulia. Ukimwachia RIPK1 lakini ukaizima nguvu yake ya kimeng'enya, ngozi inatulia. Na ukiziondolea keratinosaiti peke yake FADD, na panya mzima RIPK3, ngozi inatulia. Halafu kuna jaribio ambalo kwangu lilimaliza ubishi: panya hao wakikosa kabisa limfosaiti za B na T, chembe za kinga zinazojifunza adui ni nani, ugonjwa wa ngozi unawapata vilevile. Hakuna kinga ya kujifunza pale. Kuna seli za ngozi zinazokufa na kinga ya asili inayoitikia, basi.

Yalifuata mengine ambayo nayapitia haraka. Ondoa FADD kwenye keratinosaiti, ngozi inawaka kupitia RIPK3. Ondoa RIPK1 yenyewe, inawaka pia, kwa sababu RIPK1 ilikuwa inamdhibiti mwingine aitwaye ZBP1, anayehisi DNA na RNA zilizojisokota upande usio wa kawaida. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya hizo RNA huenda zinatoka kwenye mabaki ya virusi vya kale vilivyokwama ndani ya jeni zetu tangu enzi za mababu. Yaani kinga inaweza kupigana na mzimu.

Lakini panya si mtu. Mwaka 2024 walielezwa wagonjwa wawili waliozaliwa bila SHARPIN inayofanya kazi. Viungo vyao vilivimba na utumbo ukawasumbua, ila ugonjwa wa ngozi wa wale panya haukuwapata. Na dawa ya kuzima RIPK1 ilipojaribiwa kwa wenye soriasisi, faida haikutosha kuiendeleza. Nayasema haya kwa sababu nimeona watu wakisoma habari za panya na kuanza kuulizia vidonge. Soriasisi kwa binadamu inaendeshwa zaidi na intalukini-23 na intalukini-17, na dawa za kuzizuia hizo zinafanya kazi vizuri sana. Za kuzuia TNF, kama adalimumab, pia husaidia, na sababu zake ni pana kuliko kuzuia vifo vya seli.

Hata hivyo kifo cha seli kimo ndani ya soriasisi, tena mlangoni. Wenye ugonjwa huu wanajua kwamba wakijikwaruza, mstari wa mkwaruzo unaweza kuota bamba jipya. Daktari Heinrich Koebner alilieleza hilo katika karne ya 19. Mwaka 2007 ilionyeshwa njia moja inayowezekana. Seli zilizoumia zinaachia DNA. Ngozi yenye soriasisi ina kwa wingi protini ndogo iitwayo LL37, ambayo kwa kawaida hupambana na vijidudu. LL37 inaikumbatia DNA ya mwili wenyewe, na seli fulani za kinga, ambazo kwa kawaida huipuuza DNA hiyo ikiwa peke yake, zinaimeza zikidhani ni virusi na kumwaga intaferoni, mjumbe wa kutahadharisha kuhusu virusi. Kuna siku daktari wetu aliniita kwenye hadubini yake yenye viti viwili. "Hebu njoo uone huu msongamano." Juu kabisa, katikati ya magamba, nyutrofili, aina ya chembe nyeupe, zilikuwa zimerundikana kwenye vishimo vidogo, mahali ambapo hapakuwa na bakteria hata mmoja wa kupigana naye.

Kwenye soriasisi ya usaha inayoenea mwili mzima, vishimo hivyo vinakuwa vidimbwi. Huko mhusika ni intalukini-36, na keratinosaiti ndizo zinazoitengeneza kwa wingi. Mwaka 2011 familia kutoka Tunisia zilisaidia kugundua kwamba breki yake ya asili inaweza kuwa na kasoro ya kurithi, na mwaka 2022 Marekani ikaidhinisha spesolimab, dawa inayoziba kipokezi chake. Miaka 11 kutoka jeni hadi dawa ni mwendo mzuri.

Slaidi ninayoiogopa ni nyingine. Kinyama chake huja na maagizo ya haraka. Tabaka lote la juu limekufa, kuanzia chini hadi juu, limebanduka, na chini yake chembe nyeupe ni chache mno, kana kwamba waliofanya kazi ile walishaondoka. Hiyo ni nekrolisisi ya epidemisi yenye sumu, ndugu mkubwa wa sindromu ya Stevens-Johnson. Ngozi iliyobanduka ikiwa chini ya asilimia 10 ya mwili inaitwa Stevens-Johnson. Ikizidi asilimia 30 ndiyo hii. Chanzo kwa kawaida ni dawa: karbamazepini, alopurinoli, nevirapini, kotrimoksazoli na nyingine. Hapa mwanzo ni kinga ya kujifunza, na kwa karbamazepini tunajua tangu 2004 kwamba wenye aina ya jeni iitwayo HLA-B*15:02 wako hatarini zaidi. Chembe za T zinamwaga granulisini, protini ya kuua seli, keratinosaiti zinakufa kwa mkupuo, na vifo hivyo vinachochea moto wenyewe.

Mwaka 2024 kikundi kimoja cha watafiti kilifanya jambo lililonifurahisha kitaaluma. Walichukua vinyama vya wagonjwa wa namna hii vilivyohifadhiwa kwenye nta, vibonge kama ninavyotengeneza mimi, wakachomoa seli chache chache na kupima protini zake. Wakakuta njia ya intaferoni na JAK, vimeng'enya vinavyopokeza ujumbe wake ndani ya seli, imewaka sana ndani ya keratinosaiti na ndani ya chembe za kinga pia. Wakajaribu dawa za kuzuia JAK kwa panya, kisha kwa wagonjwa 7, na wote 7 walipona. Wagonjwa 7 ni wachache, na majaribio makubwa yanahitajika bado. Ila njia yenyewe ilipatikana kwenye kabati la vinyama.

Kwa hiyo ninyi mnaojaza fomu za vinyama, nina ombi. "Vipele, tafadhali chunguza" hainisaidii wala haimsaidii daktari anayesoma. Andikeni dawa zote alizotumia mgonjwa, na tarehe alipoanza kila moja, kwa sababu nekrolisisi hii kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 4 na 28 baada ya kuanza dawa. Na kama mdomo, macho au sehemu za siri zina vidonda, yaandikeni hayo juu kabisa, wala msisubiri majibu yangu ndipo mmwachishe dawa mnayoishuku.