Pangboche, Monasteri ya Wakulima wa Viazi

Ukishavuka daraja la mto Imja Khola, njia iendayo Everest inagawanyika. Ya chini inapita kwenye nyumba za wageni za Pangboche ya chini, na wasafiri wengi huishika hiyo. Ya juu inakwea hadi Pangboche ya juu, kijiji cha mawe na mashamba ya viazi, na humo ndimo ilimo monasteri ya Kibuddha inayohesabiwa kuwa kongwe kuliko zote za Khumbu, nchi ya Washerpa kaskazini mashariki mwa Nepal. Hiyo ndiyo iliyonitoa Mombasa. Everest nilitaka kuiona, sikatai, ila shauku yangu ilikuwa kwa watu waliojenga nyumba ya ibada mahali pale na kuitunza mpaka leo.

Tulitoka Namche Bazaar asubuhi mapema, mimi na kijana wa Kisherpa aliyeniongoza, mzaliwa wa Khumjung. Namche iko mita 3,440 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyekulia pwani huhisi kila mita kifuani. Njia inazunguka ubavu wa mlima taratibu, kisha inaporomoka hadi Phunki Thenga, kwenye mto Dudh Koshi, ambako magurudumu ya sala yanazungushwa na maji usiku na mchana. Kutoka hapo ni kupanda mita zipatazo 600 mfululizo. Wapagazi walitupita wakiwa na makapu mgongoni, uzito wote ukishikwa na ukanda uliopita kwenye utosi, karibu na paji la uso, vile vile wanavyobeba kuni akina mama wa Nyeri. Mmoja alikuwa amebeba mabati ya kuezekea. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama, akaegemeza kapu juu ya fimbo yake fupi yenye kichwa cha kukingama, akapumua kwa mluzi, akaendelea. Nilimpisha upande wa mlimani, kama nilivyofundishwa, maana ukijibanza upande wa bondeni mzigo unaweza kukusukuma.

Tengboche tulilala. Ni monasteri kubwa na maarufu, mita 3,867, mbele yake mlima Ama Dablam, nyuma zaidi milima ya Nuptse na Lhotse na ncha ya Everest. Ilianzishwa mwaka 1916, ya kwanza Khumbu kwa watawa wasiooa. Tetemeko la 1934 liliibomoa, wakaijenga. Januari 1989 ikateketea kwa moto ulioanzia kwenye umeme, wakaijenga tena. Watu walioinua nyumba ile mara mbili katika baridi ya namna ile nawavulia kofia. Lakini uwanja wake ulijaa kamera na mahema, na sikupata pa kutulia.

Kesho yake tuliteremkia Deboche, penye nyumba ya watawa wa kike, katikati ya msitu wa rododendroni uliokuwa umechanua. Maua mekundu na ya waridi, na kuvu ndefu za kijani zikining'inia matawini. Kando ya njia zipo kuta za mawe yaliyochongwa maneno ya sala, jiwe juu ya jiwe. Unazipita ukiziacha mkono wako wa kulia. Kijana alifanya hivyo hata pale upande huo ulipokuwa na tope na mwendo mrefu zaidi, nami nikamfuata.

Pangboche ya juu iko karibu mita 4,000. Kabla hujaiona monasteri unaiona mitarakwa, jamii moja na mitarakwa ya milima ya Kenya, iliyozeeka na kupindapinda. Wenyeji husimulia kwamba Lama Sangwa Dorje, anayesifiwa kwa kuianzisha monasteri hii katika karne ya 17, alikata nywele zake akazitupa, na pale zilipoanguka ikaota miti hiyo. Kwa hiyo haikatwi, na hii ni nchi ambayo kuni ni shida kweli, watu wanawasha moto kwa kinyesi kilichokaushwa cha yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa milima hii.

Mlango ulikuwa na kufuli. Kijana akapaza sauti kuelekea shambani, na mzee mmoja akainuka kutoka kwenye mifereji ya viazi. Alikuja bila haraka, akanawa mikono bombani, udongo ukabaki kwenye kucha, akatoa ufunguo mrefu wa chuma ndani ya koti. Ndiye mtunzaji. Hapa hakuna umati wa watawa kama Tengboche. Hekalu ni la kijiji, na linashughulikiwa na watu wenye wake, watoto na mashamba.

Ndani palinukia siagi na moshi wa mtarakwa. Mbao za sakafuni zimelainika kwa miguu ya vizazi. Mzee alinipa taa ndogo ya siagi niiwashe, akanionyesha michoro ukutani, kisha, bila mimi kuuliza, akanionyesha mkono.

Pangboche ilikuwa na mkono mkavu na ngozi ya kichwa ambavyo watu wa hapa waliviheshimu kuwa vya yeti, jitu la theluji. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Peter Byrne, aliyetumwa na tajiri wa Texas, Tom Slick, aliondoka na kidole kimoja. Mwaka 2011 wataalamu wa Edinburgh walikipima wakasema ni cha binadamu. Matokeo hayo yanatajwa sana kana kwamba yamemaliza habari. Kwangu hayajamaliza chochote, kwa sababu mwaka 1991 mkono uliosalia na ile ngozi viliibwa. Nilichoonyeshwa ni nakala. Cha yeti au cha mtu, kilikuwa mali ya kijiji, na wageni waliokuja kukiona waliacha sadaka iliyosaidia kulitunza hekalu. Nilimweleza mzee, kijana akitafsiri, habari za vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, vilivyong'olewa kwenye makaya na viwanja vya marehemu, vikauzwa hadi kwenye makumbusho ya Marekani. Aliniuliza kama vilirudi. Nikamwambia baadhi vimerudi, vingi bado. Akauliza nani alividai. Nikamjibu kwamba ni wazee wenyewe, pamoja na watafiti waliosimama nao. Alikaa na jibu hilo muda kidogo.

Nje alinyoosha kidole upande wa Khumbila, mlima wa mita 5,761 anakokaa mungu mlinzi wa Khumbu. Akataka kujua kama kwetu kuna mlima wa namna hiyo. Nikamtajia Mlima Kenya, Kirinyaga, mita 5,199, ambao Wakikuyu wa zamani waliuelekea wanapomwomba Ngai. Akauliza kama watu wanaupanda. Nikamwambia kila mwaka, kwa maelfu.

Akasema Khumbila haupandwi, na kwamba hata wanawe, wanaopanda Everest na wageni kwa ajili ya riziki, hawawezi kukubali kuupanda kwa fedha yoyote. Nilitia sadaka sandukuni, akafunga kufuli, tukaishika njia ya Phortse.