Kurasa Nne Zilizozidi

Mswada wangu wa kwanza ulikaa kwa mchapishaji miezi tisa. Nilipokata tamaa ya kupiga simu, ndipo jibu likaja: hadithi ni nzuri, ila katikati inalegea, na kwa sasa wanatanguliza vitabu vya shule. Hilo la vitabu vya shule nililielewa, maana kitabu cha kiada kina mnunuzi kabla hakijachapwa. Hilo la kulegea lilinikera wiki nzima. Nikasema basi, nitachapa mwenyewe.

Kikoba chetu kilinikopesha milioni mbili. Nilisema ni za biashara, wala sikudanganya.

ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, haikunisumbua, nilikwenda Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, nikafuata utaratibu wao. Shughuli ilikuwa Kariakoo, upande wa Gerezani, kwa mchapaji.

"Kurasa ngapi, dada?"

"Mia na tisini na sita."

Fundi akachukua karatasi tupu, akaikunja mara tatu, akanihesabia: pande 16. Mashine yake inachapa kwa karatasi kubwa za namna hiyo, kwa hiyo karatasi 12 zinatoa kurasa 192. "Zako zimezidi nne. Kata, au nifungue karatasi ya kumi na tatu, ulipie na kurasa kumi na mbili tupu."

Nilipanda mwendokasi kurudi Kimara nimesimama, mswada kifuani, nikiwaza nikate wapi. Usiku nikaifungua sura ya sita, safari ya shangazi kwenda Tanga: basi, mizigo, abiria na maneno yao. Nikaitoa. Nikasoma sura ya tano, nikaingia ya saba. Hakuna kilichopungua! Nikaona aibu, kwa sababu ndipo palepale mchapishaji alipoonyesha kidole. Nilianza kutafuta kurasa nne, nikapata ishirini. Zikabaki 176, yaani karatasi 11 kamili, na fundi akapunguza bei. Nakala 500 zikaingia ndani ya mkopo.

Madukani walizipokea kwa mali kauli: asilimia 40 yao, mimi nalipwa zikishauzwa. Dukani kwa kwanza niliacha nakala 20 bila kusainishana chochote, nikaishia kuambiwa "bosi katoka" miezi mitatu. Tangu hapo natembea na daftari, jina, idadi, tarehe, sahihi, hata kwa rafiki yangu. Lakini ukweli, nyingi nimeziuza mkononi: kazini, kwenye vikao vya harusi, na kwa akina mama wa kikoba, ambao walinunua ili, nadhani, wahakikishe mkopo unarudi. Umerudi.

Shangazi naye alinunua yake, akakataa katakata kupewa bure. Juzi kanipigia. Ameisoma yote, mara mbili, na anauliza safari yake ya Tanga iko ukurasa wa ngapi.