Yule ndugu wa karibu asiye na jina

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nilipanga tuendelee na Zaburi ya 121 pale tulipoishia. Mnivumilie wiki hii. Kuna jambo limenikaba kooni tangu Jumapili usiku, na limeanzia kwenye filamu.

Binti yangu wa mwisho alikuja na kompyuta yake akaniwekea picha ya mwaka 2016 iitwayo A United Kingdom, ya mwongozaji Amma Asante. Ni habari ya kweli. Seretse Khama, mrithi wa kiti cha Wangwato huko Bechuanaland, nchi iliyokuwa chini ya Waingereza, tunayoiita leo Botswana, yuko London anasomea sheria. Mwaka 1947, kwenye dansi ya watu wa misheni (misheni ile ile iliyokuwa ikililea kanisa la kwao!), anakutana na Ruth Williams, karani wa ofisini, binti wa Kizungu. Wote wawili wanapenda jazi. Mwaka uliofuata wakaoana, na hapo milango ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Baba yake Ruth hataki. Tshekedi, baba mdogo aliyemlea Seretse na kumshikia kiti, hataki. Makaburu jirani, ambao mwaka 1949 walipitisha sheria ya kukataza Mzungu kuoana na asiye Mzungu, hawataki hata kusikia. Na serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikihitaji dhahabu na urani ya Afrika Kusini, ikaona heri kuwaudhi hao wawili kuliko kuwaudhi makaburu.

Sisi wa umri wangu Seretse tulimjua redioni, rais anayetajwa pamoja na Mwalimu na Kaunda habari za nchi za mstari wa mbele zikisomwa. Kumbe nyuma ya lile jina kulikuwa na machozi haya.

Nililia, wapendwa. Nililia kwa kwikwi hadi kanga ikaloa. Zaidi pale Serowe, barazani, kijana anaposimama mbele ya wanaume wa kwao na kuwaambia kwamba anawapenda watu wake, na mke wake anampenda pia. Katika historia yenyewe, baraza la Juni 1949 lilipotakiwa kuonyesha msimamo, maelfu walisimama upande wake. Watu wale wale waliokuwa wamemkataa mwanzoni! Bado mwaka 1950 Waingereza wakamwita London kwa mazungumzo, wakamfungia njia ya kurudi. Ruth alibaki Serowe na mimba yake, akamzaa binti yao mwaka huo huo, mumewe akiwa amepigwa marufuku kuishi kwao. Nikamwambia binti yangu, watu hawa hawana Mungu?

Akafunga kompyuta polepole. Akasema, "Mama, huyu wa Uingereza umemlilia. Wa kwetu je?"

Sikumjibu. Nilikwenda kulala na sikulala.

Baadhi yenu mnajua, wengi hamjui. Marehemu kaka yangu aliniachia mtoto wa kiume. Nimemlea, nimemsomesha kwa maziwa ya ng'ombe wawili, na Mungu akamfungulia. Miaka mitatu iliyopita akaja na binti. Mcha Mungu, mwimbaji wa kwaya, ana adabu, anasalimia kwa kupiga goti. Nikamuuliza jina la ukoo. Alipolitaja tu, moyo wangu ukafunga. Kabila silitaji hapa, maana nimeshalitukana vya kutosha. Kwenye kikao cha ukoo nilikuwa na sauti kuliko wanaume. Nilisema, nisiposema mimi niliyemlea atasema nani? Barua ya posa haikutoka kwetu. Kijana alikwenda kuomba wazee wa kanisa wamsindikize, kama mtu asiye na ndugu. Siku ya ndoa kiti changu kilikaa wazi. Sasa wana mtoto wa mwaka na nusu. Nimemwona kwenye simu ya jirani. Nikasema "kafanana na kaka," nikarudisha simu.

Nisikilizeni hapa, hasa sisi akina mama tunaojua Maandiko. Kwenye kile kikao nilisoma 2 Wakorintho 6:14, msifungiwe nira pamoja na wasioamini. Nilimsomea nani? Binti anayefunga na kuomba kuliko mimi! Andiko halikuwa na kosa, lilikuwa limeitwa kutoa ushahidi wa uongo. Tunafanya hivi, wapendwa. Chuki tumeirithi kwa bibi zetu, tunaivika vazi la Biblia, halafu tunaita msimamo. Ninyi wazee wa kanisa mnaosoma hapa, mnaoulizwa "mchumba ni mtu wa wapi" kabla ya kuulizwa ameokoka lini, na mnajibu, nanyi mmo. Miriamu na Haruni walimnena Musa kwa sababu ya mke Mkushi, na mnajua Miriamu alitoka kwenye mazungumzo yale na ukoma.

Tena hili nililisoma baadaye, likanichoma kuliko filamu. Seretse na Ruth walitaka ndoa ya kanisani. Mchungaji akarudi nyuma dakika za mwisho. Wakamwendea Askofu wa London, naye akataka kwanza serikali ikubali. Wakaenda kuoana kwa msajili, tarehe 29 Septemba 1948. Watu wawili wamesimama mlangoni mwa nyumba ya Bwana wakiomba baraka, kanisa linasubiri ruhusa kwa Kaisari.

Jumatatu asubuhi nikafungua kitabu cha Ruthu. Nilidhani nitakaa kwenye ule mstari tunaousoma kwenye harusi zetu zote, watu wako watakuwa watu wangu. Roho hakunipa nafasi, alinipeleka moja kwa moja sura ya nne. Pale langoni kuna ndugu wa karibu kuliko Boazi. Haki ya kukomboa ni yake. Anasikia habari za shamba, anasema nitalikomboa. Anasikia kwamba shamba linakuja na Ruthu, mjane Mmoabi, anarudi nyuma. Sababu yake? Asije akauharibu urithi wake mwenyewe.

Mtafuteni jina lake. Hana! Boazi ametajwa, Obedi ametajwa, hata Maloni, mume wa Ruthu aliyekufa, ametajwa. Huyu aliyekuwa akiulinda ukoo, aliyeogopa jina lake lisichanganyike na damu ya Moabu, ndiye Biblia ilimvusha kama mpita njia. Na yule Mmoabi, ambaye Torati ilikuwa imesema watu wake wasiingie katika mkutano wa Bwana, ukifungua Mathayo sura ya kwanza unamkuta amekaa kwenye ukoo wa Masihi. Na Boazi mwenyewe ametajwa hapo hapo kuwa mtoto wa Rahabu. Alikua akipikiwa na mama mgeni. Alijua.

Mimi ndiye yule ndugu wa karibu. Shamba nililitaka: kijana msomi, heshima, jina la kaka yangu liendelee. Mke wake nikamkataa.

Nikarudi kusoma habari za Tshekedi. Ndiye mtu niliyemchukia tangu dakika za mwanzo za ile filamu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyomwona amevaa kitenge changu. Hakuwa mtu mbaya. Alimlea mtoto wa kaka yake tangu alipobaki yatima, akamtunzia kiti bila kukinyang'anya, na aliamini anaokoa nyumba ya Khama. Walikuja kupatana. Mwaka 1956 Seretse aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya kukiachia kiti, na Tshekedi akiwa upande wake. Mwaka 1959 Tshekedi akafariki.

Hesabuni wenyewe. Miaka mingi ya kununiana, mitatu tu ya kukaa pamoja. Hakumwona yule kijana akiwa rais wa Botswana huru mwaka 1966. Hakumwona Ruth, yule aliyedhaniwa kuwa mzigo, akibaki kwenye nchi ile baada ya mumewe kufariki 1980, hadi alipofariki yeye mwenyewe mwaka 2002. Mimi nina sukari na presha. Sijui nimeandikiwa mingapi.

Machozi ya filamu hayanigharimu kitu. Ruth Williams hataniomba nimwombe radhi, wala sitaketi mezani kwake nikila chakula alichopika. Huyu wa kwetu anaishi mwendo wa saa nne kwa basi.

Jana nilimwandikia. Nilifuta mara nyingi. Mwisho nikaandika tu, "Mwanangu, ni shangazi. Nimekukosea. Naomba nije Jumamosi." Ilikaa saa mbili bila jibu, na nakiri saa zile mbili nilijifunza kitu kuhusu miaka yake mitatu. Halafu likaja jibu la maneno matatu: "Shikamoo shangazi. Karibu."

Sijui kama ni adabu au ni msamaha. Nimeshanunua kanga pea mbili na kiatu cha mtoto, kipimo nimebahatisha kutoka kwenye ile picha. Binti yangu ananisindikiza. Mniombee Jumamosi asubuhi. Zaburi ya 121 wiki ijayo, Bwana akipenda.