Waja Leo Waondoka Leo: Safari za Siku Moja Tanga kwa Hesabu ya Mwezi na Upepo

Watu wengi wanaopanga kwenda Maziwe, kile kisiwa cha mchanga karibu na Pangani, huanza na tarehe: Jumamosi fulani, kila mtu yuko huru, michango imekusanywa. Kisha wanafika ufukwe wa Ushongo saa tano asubuhi na nahodha anawaonyesha bahari tupu. Kisiwa kipo, ila kiko chini ya maji. Huku kwetu Tanga safari ya baharini haianzi kwenye kalenda ya ukutani. Inaanza kwenye mwezi, halafu upepo, halafu ndiyo pochi.

Hesabu yenyewe si ngumu, na wazee wa pwani wanaifanya bila karatasi. Siku ya mwezi mpevu au mwezi mpya, maji ya Tanga hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Kila siku inayofuata muda huo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo siku mbili baada ya mwezi mpevu, maji hupwa karibu na saa sita mchana. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: yanajaa asubuhi na kupwa saa kumi jioni.

Zile siku za mwezi mpevu na mwezi mpya, pamoja na mbili tatu zinazofuata, ndizo bamvua. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana.

Anayefuata kalenda ya Kiislamu anayo hesabu tayari. Idi el-Fitri huangukia mwezi mwandamo, kwa hiyo siku zote ni bamvua: maji hupwa asubuhi kuelekea saa tano, na jioni yanajaa hadi ukutani. Idi Kubwa ni siku ya 10 ya mwezi mwandamo, na mchana wa saa saba hivi maji yamejaa. Ndiyo maana familia iliyokwenda Maziwe Idi ndogo ikafurahi, ikirudia safari ileile kwa saa zilezile Idi Kubwa hujikuta inazunguka na boti.

Maziwe

Maziwe ni hifadhi tengefu ya bahari tangu 1975, kilomita kama 8 kutoka ufukweni, kusini-mashariki ya mdomo wa mto Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Miti ikaisha, mchanga ukakosa kitu cha kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilichobaki ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kasa bado hupanda kutaga pale. Mayai yakiachwa hufurika maji ya bamvua na kuoza, kwa hiyo viota huhamishiwa ufukwe wa Ushongo.

Siku nzuri ni kuanzia mwezi mpevu (au mwezi mpya) hadi siku ya tatu yake. Ondoka ufukweni saa mbili na nusu hivi, ufike mchanga ukiwa umeshatokeza, na uwe umeshapanda boti kurudi ifikapo saa nane. Usibishane na nahodha kuhusu saa ya kuondoka. Maji hayajai kwa mwendo mmoja: ndani ya saa 6 za kujaa, saa ya kwanza huleta sehemu moja tu kati ya 12, lakini saa ya tatu na ya nne kila moja huleta sehemu tatu. Yaani nusu ya maji yote huingia ndani ya saa mbili. Siku ya bamvua hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu ya kina. Mtu aliyeweka mkeka mahali pakavu akaenda kuogelea huja kuukuta unaelea.

Kivuli hakuna hata cha kijiti. Beba turubai la mita 3 kwa 4 na fito nne, lakini usitegemee vigingi vya kupigilia, mchanga ule hauvishiki. Chukua mifuko minne ya salfeti, ijaze mchanga, fukia kila mmoja kwa kina cha mkono hadi kiwiko, na kamba ifungwe kwenye mfuko. Hapo upepo wa saa saba haung'oi kitu. Maji ya kunywa ni lita 3 kwa mtu mzima. Watu wanane basi ni dumu la lita 20 na lingine la lita 5, na chupa mbili zilizogandishwa usiku ndani ya deli zitafanya kazi ya barafu kisha zitanyweka.

Kuhusu chakula, tuseme ukweli ingawa utawaudhi wengi: acheni wali wa nazi nyumbani. Uliopikwa alfajiri ukafungwa kwenye hotpoti ungali wa moto huchacha kabla ya saa nane, na tumbo likiharibika ndani ya boti hakuna pa kwenda. Mikate ya ajemi, samaki wa kukaanga aliyekauka vizuri, mayai ya kuchemsha, bagia na machungwa vinatosha. Taka zote zirudi na boti. Kuvua hairuhusiwi, na kombe na matumbawe hayachukuliwi, hata lile moja dogo la mtoto. Ada ya hifadhi hulipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali, kwa hiyo malizeni malipo mkiwa bado mna mtandao mjini.

Miguuni vaa yeboyebo zenye mkanda wa kisigino au raba kuukuu. Kandambili hukwama kwenye tope na kukuacha pekupeku juu ya wale wadudu wa miba meusi. Ukitembea majini kwenye mchanga buruza miguu, usinyanyue: taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujilaza chini, akisikia mtetemo huondoka, akikanyagwa huchoma. Aliyechomwa alowekwe mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha apelekwe kituo cha afya hata kama maumivu yametulia. Chupa moja ya chai kwenye boti ijazwe maji matupu ya moto kwa kazi hiyo. Isipohitajika, mtapikia chai.

Boti

Kabla ya bei, hesabu jaketi okozi. Ziwe nyingi kuliko abiria, na za watoto ziwe za watoto: jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto kichwani akitumbukia. Angalia pia chombo cha kukumbia maji, kasia mbili, nanga yenye kamba ndefu, na mafuta. Kanuni ya mafuta ni mafungu matatu sawa: la kwenda, la kurudi, na la kisichojulikana. Muulize nahodha, baada ya shikamoo, "Mchanga unatoka saa ngapi leo?" Akijibu papo hapo na kutaja saa, twende. Akijibu "Hamna shida, muda wowote", tafuta mwingine.

Mwenye kichefuchefu akae tezi (nyuma), sio omo (mbele) ambako chombo hupanda na kushuka zaidi, na atazame upeo badala ya simu. Nanga itupwe kwenye mchanga, kamwe sio juu ya matumbawe. Ngalawa ni nzuri kwa watu wachache asubuhi ya umande, upepo mwanana wa kutoka bara. Kwa kundi lenye watoto, boti ya mashine ni salama zaidi, kwa sababu kwa tanga unautegemea upepo, na kurudi huweza kukula muda mrefu.

Upepo sasa. Demani, kuanzia Septemba kuelekea Novemba, ndiyo asali: kusi, upepo wa kutoka kusini, limechoka, kaskazi, ule wa kutoka kaskazini, halijaanza, maji ni meupe na unaona chini. Mvua za vuli hupita kwa vipindi na hazimharibii mtu siku. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari bado inaendeka, ila jua la Januari na Februari halina huruma, na mchana upepo huchafua maji. Masika, Machi hadi Mei, mto Pangani hushusha tope, na maji ya karibu na mdomo wake huwa ya rangi ya chai ya maziwa. Hapo hata ukivaa miwani ya kuogelea utaona mkono wako tu.

Halafu kuna Juni. Shule zimefungwa, watoto wanalia bahari, na kusi ndilo limeshika hadi Agosti. Kwenye mdomo wa mto Pangani mambo huwa mabaya zaidi maji yakipwa: mto unatoka, upepo na mawimbi vinaingia, vinagongana juu ya fungu la mchanga na wimbi linasimama wima. Boti iliyotoka kwa utulivu maji yakijaa hukutana na ukuta wakati wa kurudi. Usisafirie nyota ya mwenzio. Kwamba jirani alivuka wiki iliyopita hakukuhusu.

Juni nendeni juu

Amani, milimani Usambara Mashariki, iko karibu mita 900 juu ya bahari, na Juni hadi Agosti barabara imeshakauka baada ya masika. Muheza wakati huo ni machungwa kila kona. Nunua wakati wa kushuka, sio wa kupanda, yasipondeke kwenye zile kona. Mabasi kwa kawaida hupanda mchana na kushuka alfajiri, kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja kunataka gari la kukodi lenye tumbo la juu. Toka Tanga saa kumi na mbili asubuhi, lipa ada kwenye lango la hifadhi, Sigi, chukua mwongozaji.

Bustani ya mimea ilianzishwa na Wajerumani 1902, na miti waliyoipanda bado imesimama. Kile kiua cha zambarau kinachouzwa ulaya kwenye vikopo, African violet, ni mzaliwa wa Usambara. Mjerumani aliyekituma kwao miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuwa mtawala wa wilaya hapa Tanga. Beba sweta, na suruali uichomeke ndani ya soksi kwa sababu ya siafu.

Yaliyobaki, haraka

Wiki ya maji mafu usiipoteze. Toten, kisiwa kilicho ghubani mbele ya mji, hutaka kinyume cha Maziwe: maji yawe yamejaa, la sivyo utashuka kwenye tope la mikoko. Maji mafu hujaa asubuhi, ndiyo nafasi yake. Kuna magofu ya misikiti na makaburi ya zamani, na vichaka vingi, basi suruali ndefu. Kuogelea Raskazone, subiri siku za bamvua baada ya kazi, maji yanapojaa kuanzia saa kumi.

Magofu ya Tongoni, njia ya Pangani, hayategemei maji. Yaunganishe na safari ya Pangani kwa saa moja. Ni msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na 15. Nguzo nyingi zimeanguka, lakini tazama vishimo vilivyopachikwa sahani za kigeni zamani.

Mapango ya Amboni yaachwe masika: chini kunateleza na mto Mkulumuzi hufura. Tochi moja kwa kila mtu, sio simu, kwa sababu kuna mahali unahitaji mikono miwili.

Na silikanti, yule samaki wa kale? Hifadhi yake ya bahari ipo tangu 2009, lakini samaki mwenyewe hukaa chini sana kwenye giza, na wengi wa waliojulikana walinaswa kwenye majarife, nyavu za wavuvi. Anayekuuzia safari ya kwenda kumwona silikanti anakuuzia maji ya chumvi.