Mabawa ya mlango yakikataa kukutana, achana na randa kwanza

Mlango wetu wa sebuleni ni wa mabawa mawili, mbao nzito, na kila baada ya muda yanaacha kukutana vizuri pale katikati. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia randa, wanapunguza panapogusana, mlango unafunga vizuri kwa muda af shida inaanza upya, na mbao ikishaondoka hairudi. Inaniuma sana kuona mlango mzuri umechongwa hivyo wakati tatizo lilikuwa skrubu tu za bawaba.

Kwa hiyo kabla hujashika kifaa, funga mlango uangalie uwazi wote, juu, katikati na upande wa bawaba. Bawa likilala kwa uzito wake, juu linaachana na fremu kwenye bawaba na kusogea katikati, na ile kona yake ya chini inashuka. Ndo maana unakuta mabawa yanagusana juu ilhali chini yameachana, na sakafuni kuna mkwaruzo. Ukiona dalili hizo, bawa lenyewe halijawa kubwa, limeinama tu.

Af lifungue nusu, lishike ukingoni upande wa kitasa ulinyanyue kidogo huku mwenzio anaangalia bawaba ya juu. Ikicheza, hata kidogo tu, basi umeshampata mchawi. Bawaba ya juu ndo inavutwa muda wote, ya chini inasukumwa kwenye fremu, kwa hiyo ya juu ndo hulegea mapema.

Weka kabari chini ya bawa ibebe uzito, ndo ukaze, usikaze bawa likiwa linaning'inia maana utalikaza hivyo hivyo likiwa limeinama. Skrubu ikizunguka bure tundu limeshaliwa, itoe, jaza njiti za mbao zilizopakwa gundi ya mbao, acha ikauke kabisa, kata zilizobaki nje halafu rudisha skrubu. Kama nyuma ya fremu kuna mbao imara, toa skrubu moja fupi uweke ya inchi 3 ikashike huko ndani, hiyo mi naipenda zaidi kwa mlango mzito.

Anza na lile bawa linalokaa limefungwa kwa komeo la juu na chini, sio lile mnalopitia kila siku. Lenyewe ndo kipimo cha mwenzake, ukianza na la pili utajikuta umelilinganisha na kitu kilichopinda.

Sasa kama bawaba zote zimekaza na bado limeinama, kata kipande cha boksi gumu ukiweke nyuma ya bawaba ya chini, kinasukuma sehemu ya chini ya bawa kuelekea katikati na ile kona iliyoshuka inapanda. Ila usitegemee makubwa, bawa la upana wa sentimita 75 lenye bawaba zilizoachana sentimita 150, kipande cha milimita 1 kinakunyanyulia nusu milimita tu. Ongeza kidogo kidogo, funga, angalia tena, mi nataka nione uwazi wa kama milimita 3 ulio sawa toka juu mpaka chini.

Kuna na ile hali bawa moja linatokeza mbele ya lingine kwa juu, ila kwa chini mabawa yamekaa sawa. Hapo boksi halisaidii. Chukua timazi upime nguzo zote mbili za fremu, kama nguzo ziko wima basi bawa limejipinda, na hapo unaihamisha bawaba mbele au nyuma kidogo. Ukiweza gawanya hiyo kazi, nusu bawaba ya juu ya bawa hili, nusu ya chini ya bawa lile, haitaonekana kabisa.

Na kama mlango unabana kipindi cha unyevu tu na ukikauka unafunga vizuri, ni mbao imevimba, subiri ikauke kisha paka rangi kingo zote, hasa ya juu na ya chini ambazo huwa zinasahaulika.

Kitasa na komeo viache mwisho kabisa, maana vitahama tu ukishanyoosha. Paka chaki kwenye ulimi wa kitasa, funga mlango, zungusha ufunguo, alama itakayobaki kwenye bati la upande wa pili, lile lenye tundu la ulimi, ndo inakuonyesha utanue wapi, na mara nyingi tupa ya chuma inatosha.