Nilivyovuka mwaka wa kwanza chuo bila mkopo, hapa Moshi

Mwezi wa tano 2023 nilikuwa napiga pasi ndefu. Unaamka hunywi chai, unaingia kipindi cha saa mbili, mchana wenzio wanaenda kula wewe unasema una kazi ya kumalizia maktaba, halafu saa kumi na moja jioni ndo unakula sahani moja ya wali maharage ya buku jero kwa mama ntilie pale Pasua na hiyo ndo imetoka mpaka kesho. Nilikaa hivyo karibu mwezi mzima na hakuna aliyejua, hata dada niliyekuwa nashea naye geto nilimwambia tumbo linanisumbua ndo maana sili usiku.

Mimi natokea Rombo. Baba alifariki 2019 nikiwa kidato cha nne, mama anauza ndizi gulioni na tuko wanne. Mwaka 2022 niliomba mkopo bodi ya mikopo ya wanafunzi nikakosa, nikaumia sana maana kama kuna mtu wa kupata nilijua ni mimi, yatima wa baba kabisa. Ukoo ukakaa wakachanga ada ya semista ya kwanza. Ya pili ilipofika kila mtu ana watoto wake, huwezi kurudi tena kwa baba mdogo yule yule aliyeuza mbuzi mwaka jana.

Sasa kwetu bila kufikia kiwango fulani cha ada hupati kibali cha kuingia chumba cha mtihani. Nikaenda dirishani kwa wahasibu kuuliza kama naweza kulipa kidogo kidogo, yule kaka akaniambia kwa sauti foleni nzima inasikia, kama hamna hela mnakuja chuo kufanya nini. Sikumjibu. Nilienda geto nikaanza kukunja nguo, nikapanga kesho asubuhi nipande gari nirudi nyumbani nikasaidiane na mama.

Aliyenizuia ni CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, alinipigia kuuliza mbona sijatuma kazi ya kundi, nikamwambia naondoka. Akaniambia dada sikiliza, usiondoke kimya kimya, ukiondoka bila barua wanakuhesabu umetoroka masomo na nafasi unaipoteza, ila ukiomba kuahirisha mwaka kwa maandishi na wakakubali nafasi yako inabaki, na kabla hata ya kuahirisha nenda kwanza kwa mshauri wa wanafunzi. Mimi siku zote nilidhani ile ofisi ni ya kesi, watu wakipigana hosteli ndo wanaitwa kule.

Nilienda Alhamisi. Nikakuta mama wa makamo, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, umekula? Nikasema nimekula. Akaniangalia tu. Akatoa chupa ya chai chini ya meza na maandazi mawili yamefungwa kwenye gazeti, akaniwekea mbele, halafu akageukia makaratasi yake akaendelea kuandika kama hanioni ili nile bila aibu. Nililia pale huku natafuna, na mpaka leo nikisikia harufu ya iliki namkumbuka yule mama.

Nilipomaliza akaniambia niandike barua. Nikarudi Ijumaa na kurasa mbili nimeeleza maisha yangu yote toka baba anaumwa. Akaisoma yote, akanirudishia, akasema mwanangu haya nimeyasikia na nayaamini, ila huyu anayeidhinisha anataka kujua unadaiwa shilingi ngapi, leo una ngapi, na zilizobaki utalipa lini na kwa njia gani. Basi nikaandika upya nusu ukurasa. Nadaiwa laki sita na thelathini, ninayo laki moja na ishirini (nilikuwa nafanya mitumba soko la Memorial kila Jumamosi, nakunja nguo na kuita wateja), zilizobaki nitalipa kwa awamu. Nikaambatanisha cheti cha kifo cha baba na barua ya mtendaji wa kijiji. Hiyo barua ya mtendaji naomba usiidharau, mama aliifuata yeye mwenyewe asubuhi akaituma na dereva wa Noah, nikaipokea stendi mchana.

Jumatano iliyofuata nikapewa kibali cha mtihani. Pia yule mama akaniandikisha kupata chakula cha mchana kantini mpaka mitihani iishe, kuna wafanyakazi wanachangia kimya kimya kwa ajili hiyo na wala hawatangazi. Nilifanya mitihani yote, nikapata supu moja tu, yaani somo la kurudia mtihani, nikaisafisha mwezi wa tisa.

Ila hilo lilikuwa la semista moja, shida yenyewe ilikuwa mkopo. Yule mama akanituma kwa waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi, kijana wa mwaka wa tatu, tukakaa kwenye benchi nje ya maktaba akaniambia toa vyeti vyote. Akaviweka sambamba kwenye mapaja, cheti changu cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba, akapitisha kidole herufi kwa herufi. Akaniambia umeona hapa? Kwenye changu jina la baba linaishia na i, kwenye cha kifo linaishia na y. Herufi moja! Kwa karatasi zile yule marehemu hakuwa baba yangu. Halafu akauliza cheti cha kifo ulikihakiki RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo? Sikuwa hata najua, 2022 nilipiga picha tu stationery nikapandisha kwenye mfumo.

Na hapa ndo nataka mdogo wangu unayesoma uelewe, bodi haikujui wewe, inajua ulichopandisha. Kama mzazi amefariki cheti chake kinatakiwa kihakikiwe RITA, kama kaya yenu iko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, lete uthibitisho, fomu ipitie serikali ya mtaa au kijiji na kwa wakili au hakimu, na ukague kila ukurasa umesainiwa. Usisubiri wiki ya mwisho kabla dirisha la maombi halijafungwa maana mtandao unazidiwa na stationery zinajaa mpaka usiku. Mimi marekebisho ya jina yalinichukua karibu wiki tano, kwenda na kurudi wilayani, kiapo kwa wakili, cheti cha ubatizo cha baba tulichokitafuta parokiani. Wengi pia hawajui kwamba hata ukiwa tayari uko chuo bila mkopo unaweza kuomba tena, ilimradi umefaulu kuendelea mwaka unaofuata.

Niliomba. Orodha ya kwanza sipo. Nikawa nafungua akaunti yangu usiku baada ya saa sita bando likiwa la bei nafuu, sipo. Mwezi wa kumi na moja nikaona ada wamenipa kwa sehemu, sio yote, na boom, yaani hela ya chakula na malazi, elfu kumi kwa siku, zinakuja za miezi kama miwili kwa pamoja. Nilimpigia mama akawa hasemi, nasikia tu watu wa gulioni nyuma yake.

Boom ya kwanza nilienda Pasua kwa mama ntilie, alikuwa ananidai elfu kumi na nne toka ule mwezi wa tano na hakuwahi kunikumbusha hata siku moja. Alizihesabu, akanirudishia elfu mbili, akasema kaa ule. Chuoni bado nadaiwa laki moja na sabini, nimeshaandika barua nyingine, nusu ukurasa, na nimeipeleka mapema kabla ratiba ya mitihani haijabandikwa.